Salamu Haitoshi, Uliza Swali



Mgombea akipanda jukwaani Haydom au Dongobesh, huku kwetu Mbulu, na kusalimia kwa Kiiraqw, "Saita!", uwanja mzima huitikia kwa vigelegele. Akifika Katesh, kule Hanang, huitafuta salamu ya Kibarabaig. Hajagusia maji wala barabara, lakini nusu ya kazi yake imekwisha. Ndivyo binadamu tulivyo: moyo hutangulia, akili hufuata nyuma.

Wapo wanaodai kwamba mpiga kura wa kijijini huongozwa na hisia tupu. Historia ya hapa hapa kwetu yawasuta. Agosti 1960, Tanganyika ilipochagua Baraza la Kutunga Sheria, chama cha TANU kilizoa viti 70 kati ya 71. Kiti pekee kilichokiponyoka kilikuwa cha Mbulu, enzi hizo wilaya kubwa iliyobeba Hanang, Babati na Karatu. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo, Mgorowa. Herman Sarwatt, Mwiraqw na mwana-TANU vilevile, akaingia kama mgombea binafsi, akashinda.

Ukabila ulikuwamo? Tusidanganyane, ulikuwamo. Ila kumpa Sarwatt kura hakukuwa kuukataa uhuru, maana naye aliudai. Mtu aliweza kuipenda TANU na bado akamkataa mgombea wake. Kupambanua chama na mtu ni kazi ya akili, hata pale moyo ulipoonyesha njia.

Kwa hiyo tusizilaani hisia. Desemba 3, 2023, matope ya Mlima Hanang yalishuka Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Nani angetuambia tusilie? Lakini uchungu ule una maana ukizaa maswali: miteremko ya mlima italindwa na nani, kwa fedha ipi, kuanzia lini? Nani anaruhusiwa kujenga kwenye mkondo wa maji? Mgombea anayetukumbusha msiba, tukalia naye, kisha akashuka jukwaani bila kuyajibu maswali hayo, ameyatumia machozi yetu kujiombea kura.

Ndugu msikilizaji, kampeni zikirudi, itikia salamu, piga vigelegele, cheza ngoma ukipenda. Kisha nyoosha mkono, uliza swali moja linalokuhusu wewe na kitongoji chako. Asiyekujibu usimpe kura, hata akiwa wa ukoo wako.