Mstafeli Katika Uwanja wa Karani



Mmetutaka tuseme machache juu ya mti wa matunda ufaao kupandwa nyumbani. Labda mlidhani tutataja mwembe au mchungwa. La, tumeuchagua mstafeli, mti wa bibi zetu, ambao watoto wetu wengi hawaijui hata ladha ya tunda lake.

Asili ya mti huu ni nchi za joto za Amerika, walakini umekaa pwani yetu siku nyingi hata umekuwa mwenyeji. Baridi hauiwezi, basi mwenzetu aliye katika nchi ya milima mirefu asijisumbue. Kimo chake ni futi 20 hata 30, wala hautaki uwanja mkubwa.

Kuupanda si kazi ngumu. Twaa mbegu za tunda bivu, zioshe, uzifukie kadiri ya inchi moja katika kopo lililotobolewa chini. Baada ya majuma matatu au manne huota. Mche ukifika futi moja, uhamishe mvua zianzapo, katika shimo lenye samadi, mbali kidogo na ukuta. Mizizi yake haiendi chini sana. Kwa hiyo usilime kwa nguvu karibu na shina, bali tandaza majani makavu.

Sasa tuwaambie yaliyotupata. Mti wetu ulichanua mwaka wa nne, na maua yote yakaanguka. Mwaka wa tano ulianza vivyo hivyo. Jirani akatushauri tuukate tupate kuni, na shoka tulikwisha kuliazima. Ndipo mzee mmoja mkulima alipotuonyesha siri yake. Ua la mstafeli lina sehemu ya kike na ya kiume pamoja, lakini ya kike hutangulia kuwa tayari, na ya kiume hutoa unga wake baadaye. Wadudu wakiwa haba, hapana wa kuuchukua unga huo. Basi yafaa mtu autwae kwa brashi ndogo laini kutoka ua lililokwisha kukomaa, akaupake katikati ya ua jingine lianzalo kufunguka. Tulipaka maua saba, manne yakashika.

Furaha yetu haikudumu, kwani mwezi ule ule tulipata barua ya uhamisho. Tukaondoka, matunda yangali madogo kama ngumi ya mtoto. Tulimwomba mwenzetu aliyeingia katika nyumba ile asiukate mti, tukamweleza kwamba stafeli huchumwa lingali gumu, rangi ya kijani ianzapo kufifia na miiba yake laini kuachana, kisha huwekwa ndani siku chache hata lilainike. Hupondwa kwa mkono katika maji, likachujwa, likatiwa sukari, na apendaye hutia maziwa. Mbegu zina sumu. Zisisagwe wala zisiliwe.

Baada ya miezi kadha tukaletewa bahasha. Ndani yake mlikuwa na mbegu nyeusi kumi na mbili na maneno haya: “Ndugu, tunda bivu halivumilii safari, kwa hiyo tumelila sisi na watoto. Twawaletea lililobaki.”

Twakiri kwamba mara ya kwanza tulisikia uchungu. Kisha tukatafuta kopo.

Wenzetu, kazi yetu ni ya kuhamishwa. Kila mmoja akisema, “Sipandi, maana sitakula,” basi kila mmoja wetu ataingia katika uwanja mtupu. Yule aliyekula matunda yetu hatudai neno. Yamkini katika kituo chenu kimojawapo yupo aliyepanda mti ambao sisi tutaula kesho.

Mbegu sita zimeota. Mwanachama ye yote atakaye mche na aje auchukue, ila aje na kopo lake.