Kupanda na Kushuka kwa Dola ya Vuga



Tumetakiwa tuseme juu ya dola za kale, na yamkini wengi wenu mlitazamia habari za Misri au za Hindi. Sisi tumechagua ya jirani: dola ya Wakilindi, katika milima ya Usambara, ambayo habari zake aliziandika Abdallah bin Hemedi kwa Kiswahili hiki hiki chetu.

Katika karne ya 18 msasi mmoja, jina lake Mbegha, alitoka Nguu akapanda milima ile. Husimuliwa kwamba aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, na nyama akawagawia watu. Wasambaa wakampa ufalme, na Vuga ukawa mji mkuu. Hakuja na jeshi, waungwana. Alikuja na mbwa wake.

Dola ilifika kileleni zama za Kimweri ye Nyumbai. Raia waliamini kuwa mvua imo mkononi mwake. Aliwaweka wanawe majimboni, na amri yake ikashuka Bondei mpaka pwani, ambako Seyyid Said wa Unguja naye alikuwa na neno lake. Krapf alimzuru Vuga mwaka 1848, akarudi 1852.

Mwanawe mmoja, Semboja, alikaa Mazinde, chini ya mlima. Sisi wenye maduka twaelewa upesi maana yake: Vuga ulikuwa mlimani, Mazinde ulikuwa njiani pa misafara. Pembe na watumwa walipita mlangoni pake, na bunduki zikabaki kwake. Kimweri alipofariki mwaka 1862, kiti alikirithi mjukuu wake Shekulwavu, lakini nguvu zilikwisha hamia bondeni. Semboja akamfukuza kijana yule Vuga, akamweka mwanawe mwenyewe. Wabondei nao wakaasi, wakawatoa Wakilindi kwao. Raia waliokuwa wakilindwa na mfalme wakawa sasa hutekwa na kuuzwa. Na tusijifiche, soko lao lilikuwa pwani, na huku visiwani kwenye mashamba ya karafuu.

Wajerumani walipokuja walikuta nyumba imekwisha gawanyika. Semboja alikufa mwaka 1895, na mwaka huo huo wakamnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa mfalme, wakamweka Kinyashi, wa upande wa Shekulwavu. Mwaka 1898 Vuga uliungua moto, wala haukujengwa tena ukawa kama ulivyokuwa.