Mchaichai: Zao la Nyuma ya Nyumba

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Malipo ya mazao huja kwa msimu, bali majani ya chai hununuliwa kila wiki. Kati ya msimu na msimu ndipo fedha ya mkulima inapokwisha dukani, kidogo kidogo. Mchaichai hauwezi kuziba pengo lote hilo, lakini huziba sehemu yake, nao haudai mbegu ya kununua.

Mchaichai ni jamii ya nyasi. Kwa kuwa ni nadra kutoa maua, huzidishwa kwa kugawa shina. Mwenye kichaka kimoja kikubwa aweza kuwagawia majirani kadhaa. Vipande vyenye mizizi hupandwa mvua zianzapo, kwa nafasi ya sentimita 60 hivi, mahali penye jua pasipotuama maji. Katika shamba la mteremko, safu ya mchaichai kwenye ukingo wa matuta husaidia kuushika udongo, wala haiinyang'anyi kahawa nafasi yake.

Wakati wa kuvuna, majani hukatwa kwa kisu kikali, shina likiachwa kiasi cha sentimita 15 ili lichipue tena. Mvunaji ajihadhari, kwa maana kingo za jani hukata mikono.

Jikoni, majani 4 au 5 hutosha lita 1 ya maji. Maji yakishachemka, majani hutiwa, sufuria ikafunikwa kwa dakika 10, kwani harufu nzuri hutoka pamoja na mvuke. Kinywaji hicho hakina kafeini, hivyo hata kikinywewa jioni hakimfukuzi mtu usingizi. Sehemu nyeupe ya chini ya shina hupondwa ikatiwa katika supu ya kuku au samaki wa nazi. Jani lililofungwa fundo hupikwa pamoja na wali, likatolewa kabla ya kupakua. Maji yaliyochemshiwa majani huondoa shombo ya samaki katika vyombo, na majani makavu yaliyochakaa hufaa kwa matandazo ya migomba.

Majani ya akiba yakaushwe kivulini, juu ya chanja, yakigeuzwa kila siku. Jua kali hupoteza rangi na harufu yake. Jani likivunjika linapokunjwa, huwa tayari kutiwa katika kopo kavu lenye kifuniko. Lenye unyevu huota ukungu, na lililoota ukungu litupwe.

Wapo watakaouliza habari za soko. Huko Pemba, mafuta ya mchaichai hutolewa kwa mvuke kiwandani, na majani makavu huuzwa madukani. Lakini chama kisikusanye gunia hata moja kabla mnunuzi hajajulikana na wanachama hawajajua kukausha. Gunia moja la mtu mzembe huharibu jina la chama kizima.

Tena, mchaichai si tiba ya malaria. Mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe. Chai hii imburudishe tu.

Makatibu wanaombwa kuanza kwa jambo dogo: kichaka kimoja kipandwe penye ofisi ya chama, na kikikomaa, kila mwanachama apewe kipande. Haba na haba hujaza kibaba.