Jicho Lione, Mkono Uandike

Maneno yaliyosomwa mbele ya wazazi na walimu, Tunduma



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya watoto wa maskini na elimu ya sayansi. Wengi hudhani kwamba mtoto hana budi ajue kwanza kusoma na kuandika vema, ndipo afundishwe sayansi. Tena kwamba sayansi haiwezekani pasipo maabara. Sisi twaona sivyo. Mambo haya mawili ni kama jembe na mpini: kimoja pasipo kingine hakilimi.

Katika shule moja tuliyoizuru tulimwuliza kijana wa darasa la sita jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Akajibu upesi, neno kwa neno, kama ilivyoandikwa ubaoni. Tulipomwonyesha mche wa mahindi uliopauka kivulini na kumwuliza sababu, akanyamaza. Alikuwa amenakili, hakuwa amejifunza. Mtoto wa namna hiyo, kesho akitumwa kupulizia dawa mibuni ya babaye huko Mbozi, atakifahamuje kipimo kilichoandikwa kwenye chupa? Akikosea, mibuni itaungua, au yeye mwenyewe atadhurika.

Njia ya kumsaidia si ya gharama. Mwalimu na atwae makopo mawili yenye udongo na punje za mahindi. Moja liwekwe penye jua, la pili ndani ya sanduku lenye giza, yote yatiwe maji sawasawa. Kila siku mtoto apime kwa rula, aandike tarehe, urefu na rangi, kwa maneno yake mwenyewe. Asiyeweza kuandika mengi aanze kwa picha na neno moja chini yake. Siku ya Ijumaa asome daftari lake mbele ya wenzake, nao wamwulize, "Wajuaje?" Hapo ataeleza kwamba mche wa gizani huweza kurefuka kuliko mwenziwe, lakini ni mwembamba na wa rangi ya manjano, kwa kuwa umekosa nuru.

Mfano mkubwa tunao hapa kwetu. Katika kilima cha Marengi, wilaya ya Mbozi, kipo kimondo, chuma kilichoanguka kutoka angani, urefu wake kama meta 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 12 au zaidi. Wenyeji walikijua kabla. Lakini vitabu husema kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi W. H. Nott. Kwa nini? Kwa sababu hapo ndipo habari zake zilipoandikwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na maarifa ni mali.

Tena tukumbuke kwamba watoto wetu wengi husema Kinyamwanga au Kinyiha nyumbani, husoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha sekondari sayansi huwajia kwa Kiingereza. Aliyekariri tu hupotelea hapo. Aliyeona, akaandika, akafahamu, hutafuta maneno mapya tu. Maana anayo tayari.

Basi, wazazi, twawaomba mnunue daftari moja zaidi, na jioni mtoto awasomee aliyoyaandika. Hata asiyejua kusoma aweza kumwuliza, "Uliona nini leo?" Nanyi walimu, kabla ya kuandika ubaoni, watoeni watoto nje wakatazame.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo.