Kanuni ya Shimo Iandikwe Kwenye Mdomo wa Shimo
Hotuba kwa wachimbaji wa dhahabu wa Fizi, iliyosomwa Baraka



Nimeombwa kusema juu ya usalama wa kazi. Najua maneno hayo yamewachosha wengi, kwa kuwa mara nyingi huletwa na mtu mwenye viatu visafi, asomaye karatasi ya Kifaransa, kisha hupigiwa makofi na kurudi Bukavu. Mimi sikuja kuwaambia mwe waangalifu. Mtu anayeshuka kwa kamba katika tundu lenye giza ana uangalifu kuliko mhubiri ye yote. Nimekuja kuzungumza jambo moja tu, nalo ni namna ya kuandika kanuni za kazi ambazo zitashikwa hata siku ya mvua na hata siku ya njaa.

Nianze mbali kidogo. Tarehe 8 Agosti 1956, wakati Wabelgiji walipokuwa bado wakitutawala, moto uliwaka katika mgodi wa makaa ya mawe wa Marcinelle, huko huko kwao Ubelgiji. Walikufa watu 262. Kati yao Wataliani walikuwa 136, watu waliotoka kwao kutafuta mshahara kama vijana wetu wanavyotoka hapa. Mgodi ule haukukosa mainjinia, wala haukukosa vitabu vya sheria. Msiba ulianza na kigari cha makaa ambacho hakikuingia sawasawa katika lifti, kikabaki kimetokeza nje. Mtu wa chini alidhani lifti haitapanda bila yeye kutoa ishara. Mtu wa juu alidhani ruhusa amekwisha kuipata. Lifti ikapanda, kigari kikakata bomba la mafuta na nyaya za umeme, na moto ukaanza.

Tazameni basi: kila mmoja alikuwa na dhana yake juu ya ishara ile moja. Naomba kila mwenye shimo aliyeko hapa ajiulize usiku wa leo: katika shimo langu, kamba ikivutwa mara moja maana yake nini? Mshika kamba wa asubuhi na mshika kamba wa usiku wakiulizwa mbalimbali, watajibu neno moja? Kama hawajibu sawa, ninyi mna Marcinelle yenu, ila tu haijawaka.

Sasa nije kwenye maandishi yenyewe. Nimeona mbao nyingi zilizoandikwa “Usalama Kwanza” na “Wafanyakazi Wote Wazingatie Usalama”. Hizo si kanuni, ni salamu. Kanuni humtaja mtu, hutaja tendo, na hutaja wakati. Kwa mfano: “Kabla mtu wa kwanza hajashuka asubuhi, kapita na mshika kamba watazame mdomo wa shimo na magogo. Wakiona ufa mpya au gogo lililopinda, hakuna atakayeshuka mpaka limetengenezwa.” Hapo mtu hawezi kusema sikujua ni kazi ya nani. Tena iandikwe kwa mpango wa mikono inavyofanya kazi: lililo la kwanza liandikwe kwanza, na onyo litangulie tendo. Onyo linalokuja baada ya tendo humkuta mtu amekwisha kuumia.

Kuna kanuni moja ambayo nataka iandikwe kwa herufi kubwa kuliko zote, nayo ni ya mota ya kuvutia maji. Mota ya petroli ikiwashwa ndani ya shimo, moshi wake huleta hewa mbaya iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa, miguu humlegea, naye hulala asiamke. Ndugu yake aliye juu humwona ameanguka, hushuka mbio kumwokoa, naye huanguka juu yake. Kisha hushuka wa tatu. Basi andikeni hivi: “Mota ikae juu, mbali na mdomo wa shimo, mahali ambapo upepo hauleti moshi shimoni. Mtu akianguka chini, usimfuate. Zima mota, piga kelele, ingiza hewa safi, mvute kwa kamba aliyofungwa.” Na sababu yake iandikwe papo hapo, kwa maneno machache, kwa kuwa kumwambia mtu asimfuate ndugu yake ni neno zito. Asipoelewa sababu ataivunja kanuni hiyo kwa mapenzi tu. Tena mtaona kwamba kanuni hii haina maana ikiwa mtu alishuka bila kufungwa kamba. Kwa hiyo kanuni ya kamba itangulie.

Nije kwenye mvua, maana hapo ndipo penye ugomvi. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga katika jirani zetu wa Mwenga, mvua kubwa ilijaza mashimo na udongo ukaanguka. Wakuu wa jimbo walitaja watu wapatao 50 waliokufa. Mwezi wa Januari 2024, kule Bariadi katika Tanzania, udongo uliwafunika wachimbaji 22. Wale walikuwa wamekwisha kukatazwa kuchimba kwa sababu ya mvua. Waliingia hivyo hivyo.

Watu wa mjini husema waliingia kwa ujinga. Mimi sikubali. Mchimbaji wetu hana mshahara wa mwezi. Anangoja fungu lake katika mawe yatakayotoka. PDG ndiye anayetoa unga, mchele, magogo na petroli, na gharama hizo hukatwa kwanza kabla ya kugawana. Siku shimo likifungwa, unga unaliwa na deni linakua. Basi kanuni inayosema “Mvua ikinyesha, kazi isimame,” ikanyamaza juu ya unga wa siku hiyo, ni nusu ya kanuni. Iongezwe hivi: nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi, shimo lingoje muda gani baada ya mvua, nani aseme lifunguliwe, na chakula cha siku hizo kihesabiwe juu ya nani. Na liandikwe neno hili pia, ambalo najua baadhi ya wenye mashimo hawatalipenda: mchimbaji aliyekataa kushuka kwa sababu ameona ufa asifukuzwe, wala fungu lake lisipunguzwe. Bila neno hilo, zile nyingine zote ni mapambo.

Mtu ataniuliza, sheria ya serikali haitoshi? Tunayo Sheria ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa 2018. Kanuni za serikali hazimruhusu mchimbaji mdogo kupita mita 30 kwenda chini. Iko pia idara ya SAEMAPE, ambayo kazi yake ni kuwasaidia wachimbaji wadogo, nanyi mna haki ya kuidai ifike mpaka kwenye mashimo. Lakini sheria ile iko kwa Kifaransa, nayo haijui udongo wa shimo lako wala jina la mshika kamba wako. Sheria inakataza, namna ya kufanya kazi mtaiandika wenyewe, kwa Kiswahili, na kwa Kibembe panapohitajika. Msimpe karani aliye mbali aiandike. Akae karani kwenye mdomo wa shimo, mchimbaji mkongwe aseme anavyofanya, karani aandike, kisha asome kwa sauti mbele ya wote. Halafu apewe kijana aliyefika juzi, afanye kama ilivyoandikwa pasipo kuelezwa. Mahali atakaposita, hapo maandishi yana kasoro. Kwa wasiojua kusoma, chora picha, na kila asubuhi mmoja aseme ishara za kamba kwa sauti.

Wamama mnaotwanga mawe msidhani mmesahauliwa. Kanuni yenu ya kwanza iwe juu ya zebaki, yaani merkiri: isichomwe jikoni wala ndani ya nyumba, na sufuria yake isirudi kupikia. Mvuke wake hauonekani, nao huharibu akili ya mtoto.

Nashauri kila shimo lilete maandishi yake katika mkutano ujao, yasizidi ukurasa mmoja, na mwisho wake pawe na majina ya watu watatu: mwenye shimo, kapita, na mchimbaji mmoja aliyechaguliwa na wenzake. Tutayasoma hapa hapa, moja moja. Ubao na rangi nyeupe vinapatikana hapa sokoni Baraka.