Uwezo, Sababu na Nia: Mkristo Mbele ya Vita vya Kagera



Mmeniuliza kama imani ya Kikristo inaweza kuhalalisha vita. Ningeweza kuwazungusha kwenye Vita vya Msalaba mpaka saa ya chai, tukanywa chai na hakuna aliyeguswa. Nimeona afadhali nianzie nyumbani, kwenye vita ambavyo baadhi yenu humu mlivipigana, na sisi wengine tulivikimbia tukiwa migongoni mwa mama zetu.

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Baada ya siku mbili Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800, ni mali ya Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Watu waliuawa, wanawake wakanajisiwa, ng'ombe wakaswagwa kuvuka mpaka, kiwanda cha sukari kikaporwa. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa, na hotuba ile imebaki vichwani kwa maneno matatu: uwezo, sababu na nia.

Tumezoea kuyasikia kama maneno ya hamasa. Mimi nayasikia kama maneno ya mtu aliyekaa sana kanisani. Katika karne ya 13 Thoma wa Akwino aliweka masharti matatu ili vita viweze kuitwa vya haki: vitangazwe na mwenye mamlaka, viwe na sababu ya haki, na anayevipigana awe na nia njema. Sababu na nia Mwalimu alizitaja. Mamlaka hakuwa na haja ya kuyataja, kwa kuwa aliyekuwa anasema ni Rais. Uwezo haumo katika orodha ya Thoma, lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inadai matumaini ya kweli ya kufanikiwa, maana kuwapeleka vijana wakafe bure nako ni dhambi. Sidai kwamba Mwalimu alikuwa na kitabu cha Thoma mezani usiku ule. Nasema tu kwamba Mkatoliki yule, ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, aliipima vita kwa mizani ambayo Kanisa lilikuwa nayo tangu zamani.

Na mizani yenyewe si ya Ulaya kama tunavyodhani. Mabishano haya yalipamba moto Afrika. Tertuliani wa Karthago, katika Tunisia ya leo, alishikilia kwamba Bwana alipomnyang'anya Petro upanga pale bustanini alimvua silaha kila askari. Mwaka 295, huko Tebessa katika Algeria ya leo, kijana Maximilian wa miaka 21, mtoto wa askari mstaafu, alikataa kuandikishwa jeshini kwa sababu ni Mkristo, akakatwa kichwa. Kanisa linamheshimu kama mfiadini. Zaidi ya miaka 100 baadaye, nchi hiyo hiyo, Augustino askofu wa Hippo alimwandikia jemadari Mkristo aitwaye Boniface kwamba anaweza kubaki jeshini, mradi anapigana kwa ajili ya amani na bila kuwa na kiu ya kuua. Kanisa likamfuata Augustino bila kumfuta Maximilian. Wote wawili tunawaita watakatifu, na sioni kama ni kigeugeu. Anayeshika silaha anahitaji kuwa na mtu pembeni anayekataa kuishika, asije akajisahau.

Mkoa wa Mara aliozaliwa Mwalimu unalo kanisa la namna hiyo. Wamenonite walifika Shirati mwaka 1934, na mapokeo yao tangu karne ya 16 ni kwamba mfuasi wa Kristo hashiki silaha. Ukiwauliza wenye msimamo huo Kagera ingefanywaje, jibu lao halitakuridhisha, wala mimi haliniridhishi. Mama aliyevamiwa Kakunyu au Minziro hakuwa na mwaka mzima wa kusubiri majadiliano. Kwa hiyo naliweka wazi: kumtoa Amin katika ardhi ya Kagera kulikuwa ni haki, na Mkristo aliyekwenda kufanya kazi hiyo hakuikana imani yake. Alikuwa anamlinda jirani.

Lakini mizani haiwekwi kabatini siku vita vinapotangazwa.

Kufikia Januari 1979 wavamizi walikuwa wameshaondoka katika ardhi yetu. Jeshi letu likavuka mpaka, na Mutukula ikasawazishwa. Februari likaingia Masaka na Mbarara, na Masaka majengo mengi yakabomolewa kulipiza yaliyotendwa Kagera. Kampala ikaanguka Aprili 11. Kuhusu sababu ya kumfuata Amin mpaka Kampala naweza kutetea mengi. Mtu aliyemuua Askofu Mkuu Janani Luwum mwaka 1977, na raia wake wengine wasiohesabika, asingeacha kuchokoza kwa kufukuzwa tu ng'ambo ya mto. Masaka siwezi kuitetea. Nyumba ya fundi cherehani wa Masaka haikuvuka mto Kagera, na ng'ombe wetu hakuibiwa na duka la dawa. Hapo nia ilibadilika njiani, kutoka kulinda hadi kulipiza, na Augustino alikuwa ameionya hasa kiu hiyo.

Yaliyofuata nayo yanahesabiwa. Serikali ya Yusuf Lule ilidumu siku 68, Binaisa akaja akaondolewa, uchaguzi wa Desemba 1980 ukazaa vita vya Luweero. Baadaye, kaskazini, Alice Lakwena akawapaka wapiganaji mafuta akiwaambia risasi hazitawadhuru, na baada yake akaja Joseph Kony na madai ya kusimamisha Amri Kumi. Hao wawili ndio waliosema waziwazi kwamba Mungu ndiye aliyewatuma vitani. Tofauti yao na hotuba ya Novemba 2 ni kubwa. Mwalimu alizungumzia sababu ambayo mpagani na Mwislamu wangeweza kuipima naye pamoja, hakudai ufunuo. Nikisikia kiongozi yeyote anasema vita yake ni ya Mungu, mimi huanza kutafuta mlango.

Lipo jambo ambalo Kanisa la kale lilijua na sisi tumelisahau. Basili Mkuu, katika karne ya 4, hakuwaita wauaji askari walioua vitani, lakini aliwashauri wakae miaka mitatu bila kupokea komunyo, kwa sababu mikono yao si safi. Baada ya vita vya Hastings vya mwaka 1066, ambavyo Papa mwenyewe aliviunga mkono, maaskofu waliwapangia washindi kitubio cha mwaka mmoja kwa kila mtu waliyemuua. Washindi, ndugu zangu, si walioshindwa.

Katika kigango chetu alikuwapo mzee mmoja aliyekwenda Uganda kama mgambo. Kwa miaka mingi alikaa benchi la nyuma, na wakati wa komunyo alikuwa anatoka nje kana kwamba anaangalia mbuzi. Tulidhani ni mambo ya ndoa. Alinieleza baadaye kwamba alikwenda kuungama, akaambiwa alitumwa na serikali, hana kosa, aende na amani. Hakwenda na amani. Alikuwa na saa ya ukutani aliyoitoa kwenye nyumba moja ya Masaka, na padri hakuuliza habari za saa. Alipofariki tuliikuta chini ya kitanda, imefungwa kwenye kanga, mshale mmoja umekatika. Haikuwahi kutundikwa.

Pendekezo langu ni dogo. Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunapowaombea waliozikwa Kaboya, sala za waamini ziwataje na watu wa Masaka na Mutukula. Na mapadri na wachungaji mliopo, akija mzee wa namna hiyo, msimharakishe. Mwulizeni alirudi na nini.

Mwenyekiti, nimemaliza. Naomba maswali yaanze na wale waliokuwepo.