Macho ya Nyoka Wetu Yalipogeuka Meupe

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya klabu ya afya ya shule moja ya sekondari. Tumeyaandika ili na wewe msomaji uyapate.)

 

Leo sitaanza na malaria. Leo tunaongea habari za nyoka. Tulia bwana, usikimbie, sina nyoka mfukoni.

Nilipokuwa kidato cha tatu, maabara yetu ilikuwa na nyoka ndani ya sanduku la kioo. Alikuwa yule wa kahawia asiye na sumu, anayependa kukaa karibu na nyumba za watu na kula panya. Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa na kibali cha kumtunza. Hilo la kibali lisikupite hivi hivi: nyoka ni mnyamapori, na sheria hairuhusu umkamate tu porini ukamfuge chumbani. Wanafunzi wanne tulipewa kazi ya kumlisha, tukampa jina la Bosi.

Basi, Bosi akabadilika. Ngozi ikapauka kama mguu uliokosa mafuta mwezi mzima. Macho yakaingia ukungu, meupe ya kibuluu. Ukimwekea panya hamtazami, anajificha tu chini ya kigae chake. Siku zikapita, nane, tisa. Mmoja wetu akasema amepofuka. Mwingine akasema eti karogwa na watu wa bweni la pili. Mimi, mjuaji kuliko wote, nikatoa amri: mgonjwa asiyekula hulishwa kwa nguvu! Tukampanua mdomo kwa kijiti, tukasukuma kipande cha nyama. Akakitema. Mwenzetu, aliyekuwa ametoka kumshika panya, akatia mkono sandukuni amtulize. Akaumwa kidole gumba.

Unadhani tulimwogopa nyoka? Thubutu! Tulimwogopa mwalimu wa zamu. Tukaficha. Tukachukua kamba ya kiatu, tukamfunga mwenzetu juu kidogo ya kiganja, tukakaza kweli kweli. Hiyo ilikuwa saa mbili usiku. Ilipofika saa nne vidole vilikuwa vimevimba, rangi ya zambarau, na ukivifinya hasikii kitu. Ndipo tukakimbia kumwamsha mlezi wa bweni. Kule hospitali daktari alitwambia meno ya nyoka hayakumdhuru kijana huyu, kamba ndiyo iliyomdhuru. Mkono ulipona, lakini mpaka tunamaliza kidato cha nne alikuwa akishika kalamu kwa shida.

Sasa nikuulize: Bosi alikuwa anaumwa nini siku ile?

Hakuwa anaumwa kitu. Alikuwa anajiandaa kujivua gamba.

Nyoka anakua, lakini ngozi yake ya juu haikui pamoja naye. Kwa hiyo kila baada ya muda anatengeneza ngozi mpya chini ya ile ya zamani, na katikati ya hizo mbili hupita majimaji yanayosaidia kuzitenganisha. Majimaji hayo ndiyo yanayomfanya aonekane amepauka. Na macho je? Nyoka hana kope za kufunga na kufungua kama wewe. Jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu, mfano wa kioo cha saa, nalo hubadilishwa pamoja na ngozi yote. Majimaji yakiingia chini ya gamba hilo, jicho linakuwa na ukungu. Baada ya siku kadhaa macho hutakata tena, halafu siku chache baadaye anasugua pua kwenye jiwe au mti, ngozi inachanika mdomoni, naye anatoka ndani yake kama unavyovua soksi kwa kuigeuza nje ndani. Shughuli nzima huchukua wiki moja hadi mbili.

Katika siku hizo haoni vizuri. Hali, anajificha, na anakuwa mkali kwa sababu kila kivuli ni adui. Ongeza hapo mkono unaonuka panya! Maana nyoka hunusa kwa ulimi. Ule ulimi unaochezacheza unachota harufu hewani na kuipeleka kwenye kiungo maalum juu ya kaakaa. Bosi hakumwona rafiki yetu. Alinusa panya, akauma panya. Hakuna uchawi hapo.

Tulichotakiwa kufanya ni kumwacha. Maji safi, mahali pa kujificha, na kitambaa chenye unyevu ndani ya sanduku, basi. Nyoka mzima huvua gamba zima zima. Likitoka vipande vipande, mara nyingi ni dalili ya ukavu, utitiri au maradhi. Na kama gamba la jicho limebaki, usilibandue kwa kucha, utaharibu jicho.

Kuhusu kula, tusimpime nyoka kwa saa ya bwalo la shule. Chatu mkubwa aliyeshiba anaweza kukaa miezi bila chakula. Nyoka hupata joto la mwili kutoka nje, na bila joto chakula hakisagiki tumboni, kinaozea humo na hatimaye anakitapika. Ndiyo maana sanduku liwe na upande wa joto na upande wa ubaridi, achague mwenyewe. Ila usiliweke sanduku la kioo juani, utamchemsha. Na akishakula, usimshike kwa siku mbili.

Kuna mabadiliko ya kutisha kweli. Anapumua kwa mdomo wazi, anatoa mapovu au mlio: mapafu hayo. Fizi nyekundu zilizovimba, zenye usaha mzito kama jibini: mdomo unaoza. Hivyo ndivyo alivyokufa Bosi wiki tatu baadaye, kwa kidonda cha kijiti chetu. Analala majini kutwa nzima na ana vidoa vyeusi vinavyotembea katikati ya magamba: utitiri. Anapinda shingo kutazama juu na kushindwa kujigeuza: ubongo umeguswa, na mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waligundua virusi vinavyohusiana na ugonjwa mmoja wa namna hiyo kwa chatu na jamaa zake. Hayo yote ni ya daktari wa mifugo. Siyo ya mwanafunzi mwenye kijiti.

Na afya yako je? Nyoka, mjusi na kobe hubeba tumboni bakteria wa salmonela huku wenyewe wakiwa wazima kabisa. Kwako wanaleta homa na kuhara, na kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee au mjamzito mambo yanaweza kuwa mabaya sana. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wadogo wenye gamba lisilofika inchi 4, yaani kama sentimeta 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiugua. Kwa hiyo nawa kwa sabuni kabla ya kumshika nyoka, asikudhanie panya, na nawa tena baadaye. Chombo chake cha maji kisioshwe pamoja na sahani zenu.

Kama umeumwa, hata ukiapa kwamba yule hana sumu, sema. Sema kwa mwalimu, kwa mama, kwa yeyote mwenye baiskeli au gari. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 lilirudisha tatizo hili kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa. Vua pete, bangili na saa mapema kabla hujavimba. Tulia, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, uende hospitali. Usichanje, usinyonye, usipake kitu. Kamba ya kiatu iache kwenye kiatu.

Msichana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza mwishoni: "Kaka, kwani nyoka anamjua anayemfuga?" Nilimjibu kwamba anazoea harufu yako, anazoea mkono usiomshtua, lakini kukupenda kama mbwa, hapana. Akacheka, akasema basi yeye ataendelea na kuku wake.